Chai Kutoka Nyuma ya Pazia

Gwamaka, mume wangu ambaye hata kuliandika jina lako kunanipa raha,

Natumaini kaka yako anaendelea vizuri huko hospitalini Dar, na wewe unapata angalau usingizi kidogo. Huku ukungu haujainuka tangu asubuhi. Watu wa stendi bado wananiita bibi harusi, nami naitika huku nikicheka peke yangu.

Unakumbuka tulivyopaka rangi kuta za mgahawa wetu? Ulikuwa umepunguzwa kazini kiwandani, nami niliogopa ungekata tamaa. Wewe ukanipaka rangi ya kijani puani ukasema, "Siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu. Tutakuwa mabosi wa chai yetu wenyewe." Nilikupenda siku ile kuliko hata siku ya ndoa yetu kanisani Lufingo. Lakini jioni yake ulisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba mgahawa ukishindwa itabidi ukatafute vibarua Dar, na mimi nikae kwa wazazi wako. Maneno hayo ndiyo ninayoamka nayo.

Hukuniambia, mpenzi, kwamba biashara ni kutabasamu huku unahesabu viti vitupu. Mteja akivuka barabara kuingia mgahawa mpya wa upande wa pili, naona kama nimekataliwa mimi mwenyewe, sura yangu na mikono yangu. Mama Lusajo, mhudumu wetu, naye amehamia huko. Sikukuandikia kwa kuwa sikutaka uhangaike.

Basi siku ya soko baba yako akaja. Alitembea kutoka Kinyala na mkungu wa ndizi begani, maana alisikia umesafiri. Akaketi kwenye benchi la mlangoni ili wahuni wasinisumbue. Unajua mila yetu: mkaza mwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, wala hakai naye chumba kimoja. Nilipoona kivuli chake tu nikajifunika khanga, nikakimbilia jikoni nyuma ya pazia. Yeye hakujua kwamba Mama Lusajo ameondoka.

Madereva wa malori wakajaa. Chai inachemka, chapati zimeiva, na hakuna wa kuzitoa. Mmoja akasema labda bibi harusi amelala. Mwenzake akamjibu, "Mume hayupo, analala na nani?" Wakacheka. Baba akawatuliza kwa upole, akasema mhudumu yuko njiani. Kisha nikasikia viti vinasogezwa, na nyayo zinavuka barabara. Nilishika pazia. Nikitoka, nimemvunjia heshima baba yako mbele ya watu. Nisipotoka, mgahawa unashindwa, nami nakupoteza.

Nikagonga sufuria kwa mwiko, sijui hata kwa nini. Baba akauliza ni nani yuko na mkwewe huko ndani, na dereva mmoja akamwambia hakuna, yuko peke yake tangu asubuhi. Halafu mkono wake ukapita pembeni mwa pazia kinyumenyume, kiganja wazi.

"Leteni vikombe," akauambia ukuta wa mbele. "Mimi natazama barabarani."

Gwamaka, baba yako ambaye nyumbani hata maji ya kunawa huletewa, aligawa chai! Wakamtania, wakamwita mhudumu, wakadai aongeze sukari. Akawajibu kuwa anayetaka kubembelezwa arudi kwa mkewe. Kicheko kile kikawarudisha hata waliokuwa wamevuka.

Halafu, nikimpa kikombe kimoja, vidole vyetu vikagusana. Niliganda. Kwetu jambo hilo si dogo, wazee wameitana kikao kwa makosa madogo zaidi. Mkono wake nao ukasimama palepale, chai ikimwagikia kiganjani. Nikangoja akiweke chini aondoke. Nilishaanza kuona sanduku langu likipelekwa Kinyala kwa wazazi wako.

Akasema taratibu, akiwa bado amenipa mgongo, "Bado wawili hawajapata."

Amesema atarudi siku ya soko ijayo. Mama yako hajui, na watu wa soko wana midomo. Nina furaha, nina hofu, na nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Mwandikie mama wewe kabla hawajamfikia, mwambie ukweli wote, hata wa vidole. Kisha rudi upesi. Nakuaga hapa, maji yamechemka na kuna mtu anabisha hodi.

Mkeo,
anayekupenda na bado amefungua mlango