Mirija ya Daraja la Kwanza

Jumatatu, 7 Julai

Sijamwambia mtu, hata Mama: sikio langu la kulia halisikii. Ni tangu matubwitubwi ya darasa la tatu. Mama anadhani yaliisha yote.

Na kazi niliyopata baada ya shule ni ya kusikiliza! Nagonga mrija wa kioo kwa kijiti cha mwanzi. Ukilia kama kengele ni daraja la kwanza, unapanda meli. Ukilia kama kikombe cha plastiki una ufa usioonekana — urudi tanuruni. Lakini mashine ya kukata iko kushotoni kwangu, inanguruma kutwa. Nikiwa na shaka namtazama usoni Shangazi Qiu, anayefungia kwenye sponji ninachopitisha. Ana miaka ishirini na miwili hapa. Akitulia, napitisha.

Jumatano, 9 Julai

Kasha letu limerudishwa kutoka bandarini. Mirija kumi na minane imepasuka. Shangazi Qiu akasema ni wapagazi. "Kasha jepesi halina heshima. Wanalirusha kama mto."

Bwana Shan, msimamizi, hakucheka. Alisema mezani kwetu kuna mtu hasikii. Ijumaa atatupima, macho yamefungwa. Atakayeshindwa aende kwao.

Alhamisi, 10 Julai

Nimegonga bakuli zote za nyumbani. Baba akauliza kama naita kuku. Tambi zimepoa, sikula.

Ijumaa, 11 Julai

Kitambaa usoni. Halafu Bwana Shan akazima mashine. Sikulitegemea hilo. Kimya — sikio la kushoto likanasa kila kitu. Kumi kwa kumi.

Shangazi Qiu alipata minne. Mtu wa meza ya pili akamwuliza kama masikio ameyasahau nyumbani. Akajibu ana mafua. Bwana Shan akamwambia kesho asije.

Nilimkuta bombani, ananawa uso. Nikamwomba radhi. Ilibidi nirudie mara tatu.

"Tangu majira ya baridi sisikii vizuri," akasema. "Nilikuwa nautazama uso wako, mwanangu. Ukitulia, nafunga."

Nami nilikuwa nautazama wake. Wiki mbili nzima hakuna aliyesikiliza.

Jumamosi, 12 Julai

Saa ya chakula, mashine imezimwa. Makasha yetu tisa yako uani, lori linakuja saa nane. Nimeng'oa misumari ya la kwanza, nigonge upya kila mrija. Naandika humu kwa kuwa sina karatasi nyingine ya kuhesabia.

Shangazi Qiu alikuja kuchukua aproni yake. Sasa amechuchumaa ananishikia mirija.

Kasha la kwanza: mibovu saba.
La pili: mitano.
La tatu

Bwana Shan ameita kutoka mlangoni, anauliza tunatafuta nini. Shangazi Qiu hajasikia. Anaendelea kufungua sponji, anatabasamu. Mimi nimesikia. Sijageuka bado.

Anakuja. Daftari, nakusukumia chini ya sponji. Usimwambie kuhusu sikio, langu wala la Shangazi. Nitasema mwenyewe, nikiweza kufungua kinywa. Wewe nyamaza tu.