Hodi ya Muuza Sabuni

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siisubiri, na hilo peke yake linanisumbua tangu nishike kalamu. Nimekaa, nimesimama, nimetazama barabara, nimekaa tena.

Unakumbuka tulipokuwa bado kwenye migomba yetu, mchuuzi alitembea nusu siku kufikia nyumba chache, na mbwa wakampunguzia hamu. Walipotuhamishia kijijini wakatupanga mstari mmoja kando ya barabara, kama wanafunzi, mtu mwenye baiskeli akawa anatumaliza wote kabla jua halijawa kali. Tuliambiwa zahanati na bomba vitatufuata huku. Wa kwanza kutufuata wakawa wachuuzi. Hesabu yao ilikuwa nzuri, siwalaumu kwa hesabu.

Ninachomlaumu yule muuza sabuni ni hodi yake. Alibisha kama mwana wa nyumba, akasema shikamoo Mama, ukaitikia, na kwako mtu aliyekwisha kuitikiwa hageuziwi mgongo. "Mwache akae kwanza," uliniambia kila nilipokunja uso. Akikaa, anafungua mzigo. Mche mmoja ameukata vipande sita, na vinne tu vilitosha kurudisha bei ya mche mzima. Nilikuonyesha kwa vidole, mbele yake. Ukanisogezea kigoda nikae na mimi.

Kisha vita vikaja, Deo wetu akapanda lori la jeshi pale Biharamulo, na muuza sabuni akapata bidhaa mpya. Katika kila nyumba aliulizia inayofuata: mama wa pale anaitwa nani, ana mtoto jeshini? Kwa hiyo alifika kwetu akijua namna ya kukuita, Mama Deo, na namna ya kukulegeza. Akasema amemwona Deo kule Kyaka, mzima kabisa, anakusalimu. Nikamuuliza Deo yukoje. Akasema, si ndiye yule kijana mrefu? Deo huyu huyu, Mama, ambaye tulimwita Kafupi mpaka akalizoea jina kuliko la ubatizo. Nikakugeukia nikidhani utacheka. Ukasema, "Labda amerefuka huko jeshini," ukaingia ndani kuleta hela.

Alirudi tena na tena, kila mara na salamu.

Tulipokwisha kukuzika nikafagia chini ya kitanda chako. Vile vipande vyote vilikuwa pale, vimepangwa, vimekauka hadi kupasuka, na wewe dhiki yote ile ulikuwa ukifulia majani ya mpapai. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Kumbe ulikuwa unalipia salamu, Mama. Sabuni ilikuwa karatasi ya kufungia tu.

Ndipo nikaenda kusimama kwenye mkutano wa kijiji, nikamshtaki muuza sabuni. Na yeye alikuwepo. Akasema ndugu zangu, huyu dada ana meza yake gulioni, anataka wanunuzi wote waende kwake. Watu wakacheka, na sikuweza kuwakatalia sana, maana meza ninayo, niliianza na sinia moja la karanga. Nikawaambia: "Mimi nauza mahali ambapo mtu anaweza kunipita bila kunikosea adabu. Huyu anauza mahali ambapo hawezi." Mwenyekiti akaniomba nirudie. Mzee mmoja akauliza, sasa tutapiga marufuku shikamoo? Nikasema hapana, tumpige marufuku anayeitumia kama ufunguo.

Wakabishana sana. Mwisho wakakubaliana: mwenye mzigo wa kuuza abaki barabarani, atangaze anachouza, asibishe hodi mpaka aitwe. Mwenye habari za askari azipeleke kwa balozi wa nyumba kumi, mikono mitupu. Na nyumba isiyotaka mchuuzi kabisa itundike jani kavu la mgomba mlangoni.

Kijiji kizima kilitundika, Mama. Ukipita asubuhi, mstari mzima unachakacha. Nami nilitundika kwako wa kwanza, nikaona nimekulipizia.

Lakini juzi katekista alikuja na mfuko wake begani kumsalia jirani yetu mgonjwa. Ametoka kigango kingine, akaambiwa njiani kwamba jani maana yake mwenye mzigo asibishe. Akasimama barabarani, akasubiri aitwe, hakuitwa, akaondoka. Mgonjwa amenigombeza kutoka kitandani. Wengine wakacheka. Mimi sikulala vizuri.

Maana wenzake Deo wameanza kurudi. Wanashuka kwenye malori na mifuko yao ya turubai mgongoni. Deo hajarudi, wala hatujapata barua, wala mtu wa kweli wa kutuambia. Na nyumba hii ya mstarini aliikalia muda mfupi mno, anaweza hata asiijue vizuri. Nikawaza afike jioni na mfuko wake, amechoka, akute jani, aambiwe maana yake. Unamjua alivyo na haya. Atasimama barabarani.

Nimelitoa, Mama. Mlango wako peke yake ndio usio na jani kijiji kizima, na muuza sabuni amekwisha kuliona hilo. Jana alibisha. Nikatoka mbio na unga mikononi, nikamkuta yeye. Sikununua. Atarudi.

Lala salama, Mama Deo. Sabuni yako nimeiacha ilipo, ataiogea Deo mwenyewe akija. Nami nakuahidi, hodi yoyote itakayopigwa hapa nitaitikia karibu, kwanza, kabla sijatazama ni nani.

Binti yako,
Skola