Asilimia Mbili Chini ya Karatasi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimempigia Mwalimu Marselina, mwenye shule kule Kibaha. Madawati themanini nilimshushia mwezi wa tatu. Salio lake, milioni tatu na laki nane, lilikuwa la kulipwa mwisho wa Aprili. Kasema ada za wanafunzi bado zinasuasua, nimvumilie. Nikamkumbusha sentensi iliyo chini ya ankara yangu: malipo yakipita siku thelathini, mdaiwa ataongeza asilimia mbili kila mwezi. Akacheka. "Zuwena, hiyo karatasi si ilikuja baada ya madawati?"

Nimekata simu. Nimepiga hesabu ya nyongeza — laki tatu na elfu nne. Haki yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Bilali, fundi wangu wa kuchomelea, ameulizia mshahara wa Agosti. Kauliza kwa adabu, na hapo ndipo nilipoumia. Mwenye nyumba wake kampa mpaka tarehe ishirini.

Sentensi ile niliitoa mtandaoni mwezi wa kwanza. Nilipenda ilivyoifanya karakana yangu ya Kisarawe ionekane kampuni. Nikamwambia mtu wa steshenari aichape kwenye kila karatasi yangu. Sasa ndiyo tutaona kazi yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Kibaha, kwa wakili Telesphory. Ofisi juu ya duka la dawa. Elfu thelathini ya ushauri, nimelipa kabla sijakaa. Yeye hacheleweshewi.

Kaisoma ankara, kaigeuza, kaisoma tena. Anasema nyongeza ya kuchelewa ni jambo la makubaliano. Lazima mdaiwa aijue na aikubali kabla ya kupokea mali. Ankara inakuja mwishoni, na maneno ya upande mmoja hayaufungi upande wa pili. Hata ikikubaliwa, mahakama itaangalia kama ni fidia ya kiasi au ni fimbo ya kumchapia mtu. "Deni lako lipo, mama, halina ubishi. Hiyo asilimia mbili ndiyo haina pa kusimama."

Nikamuuliza, ingekuwa wapi ingesimama? Kwenye oda, akasema. Oda iliyosainiwa na mdaiwa mwenyewe kabla ya mali kushuka. Hapo hata yeye asingemwokoa.

Nimenunua machungwa, nimerudi.

Ijumaa, 12 Septemba

Kuna kitu kilinikaa kichwani tangu jana. Nimefungua faili la manunuzi.

Oda ya mbao, tarehe 3 Februari. Kwenda kwa Mzee Mwishehe, Msimbu, anayenipasulia mbao. Saini yangu. Muhuri wangu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, asilimia mbili.

Mbao alileta siku tisa baadaye. Hela yake, milioni mbili na laki nne, nilitakiwa kumpa katikati ya Machi. Sijampa hata shilingi, nilikuwa namsubiri Marselina. Na mzee akipiga simu anauliza afya tu. Miezi sita — laki mbili na elfu themanini na nane. Nakala anayo.

Nimefunga faili. Nimeona aibu, halafu nikatafuta sababu. Mzee ni mtu wa swala tano, nyongeza ya namna hii kwake ni riba, hataigusa. Sababu nzuri. Ila Jumatatu, nilipokuwa namdai Marselina, riba haikunijia akilini hata kidogo.

Jumatatu, 15 Septemba

Marselina kanitumia ujumbe: atalipa salio lote kesho, nikimwandikia kwamba nyongeza nimeifuta. Nimeandika. Nimesaini bila kusita.

Jumanne, 16 Septemba

Hela imeingia. Bilali nimempa chake, akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Nikitoa mishahara, kodi ya karakana na deni la mbao, nabaki na laki tano. Nikitoa na ile nyongeza, nabaki na laki mbili na kidogo, na nondo zimekwisha.

Nimempigia Mzee Mwishehe aje kesho. Nyongeza sikuitaja.

Jumatano, 17 Septemba

Kafika saa nne asubuhi, kanzu imepigwa pasi. Shikamoo, marahaba. Nikamhesabia milioni mbili na laki nne. Yeye hakuhesabu. Akaniombea dua, ndefu, mpaka nikaangalia chini.

Halafu akatoa ile nakala mfukoni, imekunjwa mara nne. Nilisahau utaratibu wake: deni likiisha, karatasi husomwa yote kwa sauti mbele ya shahidi, kisha anaichana. Ndivyo alivyofanya hata na marehemu baba. Akamwita Bilali awe shahidi. "Macho yangu hayaoni tena haya maandishi, mwanangu. Nisomee wewe. Mpaka huku chini, tusije tukabakiziana."

Nimesoma jina lake. Nimesoma idadi ya mbao. Nimesoma bei. Nikafika kwenye herufi ndogo, nikawaambia ni ndogo mno, ngoja nikachukue miwani ofisini.

Karatasi ninayo hapa mezani. Bilali na mzee wananisubiri nje, kwenye benchi. Nasikia mzee akimwambia hakuna haraka.

Miwani nimeivaa tangu asubuhi.