Damu Uliyoiita Dizeli

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi. Sisi tu wazima. Bonge ameota jino la pili na sasa anatafuna kila kitu, hata kona ya karatasi hii, kwa hiyo usishangae ikiwa imelowa. Na kile kichwa chako cha asubuhi, kimeacha? Simu yako haishiki huko kwenye ujenzi, ndiyo maana nakuuliza kwa kalamu. Usinijibu kwa mzaha.

Kazi ya kuosha vyombo vya maabara inaendelea. Daktari wa utafiti ananiita mwanafunzi wake, maana siishi kuuliza. Amenieleza kwamba kila chembe ya damu ina ngozi yake, nyembamba na laini, ili ijikunje ipenye kwenye mishipa midogo. Presha ikianza kumnyemelea mtu, hata kabla mashine ya kupimia inayofungwa mkononi haijaona kitu, ngozi ile huliwa kama chuma kinavyoliwa na kutu, ikakakamaa. Nilimwelewa kwa glavu zangu: zikizoea dawa kali za kusafishia, siku ukizikunja zinapasuka.

Unakumbuka ulivyokuja kutoa damu ya utafiti, ukawatania wauguzi kwamba yako ni dizeli? Walikuambia ni safi, ukarudi kwenye winchi yako unaimba. Dada mmoja msusi, mliyetoa naye damu siku ile ile, akaambiwa yake imeanza kuharibika. Alilia sana. Juzi wamempima upya, mara tatu, na ngozi za chembe zake ni laini kama za mtoto. Daktari amekuna kichwa, akasema mwenye damu ile ya kwanza yuko mahali anatembea na moto chini ya majivu, wala hana habari.

Kaka, mimi namjua.

Siku ile barafu kwenye ndoo ya vichupa vya damu ilikuwa imeyeyuka. Nilipoinua vichupa, lebo mbili zikabaki zinaelea majini. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, Bonge bado mchanga, nikaogopa kufukuzwa. Nikazifuta kwa gauni, nikazibandika kwa kubahatisha. Moja ilikuwa na namba ya kadi yako. Nikajisemea, wote vijana, wote wazima, kuna ubaya gani.

Mama naye alianza na kichwa cha asubuhi.

Kesho nitamwambia daktari kabla hajavaa koti lake. Wakinifukuza, na wanifukuze. Anasema ikiwahiwa mapema inatulizwa, na mimi naamini, kwa sababu lazima niamini. Mama hakuwahiwa, wewe utawahiwa.

Nisamehe, kaka. Msalimie wifi. Bonge anakusalimu kwa meno yake mawili. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji, na nimemsihi asikupe ukiwa juu ya winchi. Akungoje chini mpaka ushuke. Kiti cha mbele, pembeni yake, nimeshakuombea, uje naye upimwe upya.

Mdogo wako aliyekukosea,
Mama Bonge