Chapuo Langu Limo Ndani ya Tableti

Mpendwa mshauri Bi Nadira,

Salamu nyingi kutoka huku Mjambere. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe ukilisikia juu juu utadhani ni mchezo wa watoto, kumbe limeninyima raha mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Naitwa Kalama, na tangu ujana wangu ni mpiga chapuo, ile ngoma ndogo inayotaka mikono yote miwili, na nasema bila kujisifu sana, ingawa kujisifu kidogo naomba uniruhusu, kwamba kutoka hapa Kisauni mpaka Miritini harusi ya Wagiriama ilikuwa haijakamilika ikiwa kundi letu halikupiga, na kiongozi wetu ni Randu, rafiki yangu wa tangu zamani, yeye anapiga ngoma kubwa na mimi nilikuwa nakaa ubavuni pake.

Basi mwaka juzi nikapatwa na kiharusi. Nilianguka uani nikinawa uso, na Randu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani tukapata gari la hospitali. Mungu alinirehemu, mdomo ulirudi, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki hauna nguvu. Unainuka, vidole vinacheza, ila kuipiga ngozi ikalia hauwezi, na daktari wa viungo aliniambia kwa upole kwamba nishukuru kwa hapo ulipofika. Nikaliweka chapuo juu ya kabati, nikalifunika kanga. Jirani wakipiga ngoma, mimi nafunga dirisha.

Sasa nina binti yangu, Lynnette, anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Bamburi, na huyu tangu zamani huwatengenezea nyimbo vijana wa kanisa kwa simu yake, ana programu ambayo ndani yake mna kinanda, mna gita, mna ngoma za kila nchi, unagusa kioo tu na sauti inatoka. Siku moja akaja na tableti, akaniwekea mapajani, akaniambia, "Baba, gusa hapa." Nikagusa kwa kidole cha mkono ule ule mbovu. Ikalia! Nikamwambia, "Hii si ngoma, hili ni debe." Akacheka, akapanda kiti, akaliteremsha chapuo langu, akasema basi tuingize la kwetu. Bi Nadira, tulikaa uani Jumamosi nzima, yeye anapiga na kurekodi, mimi napiga kelele, "Si hapo! Pembeni ya ngozi! Legeza kiganja!" na mlio mzito uliomshinda nikaupiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mpaka kila mlio ukapata mahali pake pale kwenye kioo. Nilipopiga mara ya kwanza kwa mikono miwili, mke wangu alitoka jikoni na unga mikononi akidhani kuna mgeni kalishika chapuo langu. Nililia, sioni haya kusema. Siku ya mavuno nikapiga kanisani, kina mama wakasimama wote kwa vigelegele, na mimi nikamtazama binti yangu pale karibu na spika nikajiona tajiri.

Tatizo limekuja na harusi. Mpwa wangu Velma anaolewa mwezi huu kule Miritini, na ameniomba kwa mdomo wake, "Mjomba, nataka unichezeshe wewe." Nikaenda mazoezini kwa Randu, nimefuatana na Lynnette na tableti yetu. Randu akakitazama kile kioo, hakukigusa, akasema, "Kalama, ngoma ni ngozi. Hicho kikiingia uwanjani, mimi natoka." Charo, mpiga kayamba wetu, akatia lake, "Na chaji ikiisha katikati ya wimbo, bibi harusi atacheza na nini?" Wakacheka wote, Randu hakucheka. Nikamwambia binti yangu, "Twende." Tulipofika nyumbani akaitia tableti begini, na tangu siku hiyo imo humo.

Mke wangu ananishauri nimwambie Velma kuwa naumwa. Velma naye anasema nisipopiga mimi ataita dijei. Na Randu sitaki kumpoteza, hata nafasi yangu ubavuni pake mpaka leo hajaweka mtu mwingine. Nifanye nini?

Kalama, Mjambere


BI NADIRA ANAJIBU

Ndugu yangu Kalama,

Pole kwa maradhi, na hongera, tena hongera kubwa, kwa binti uliyemlea. Wallahi nimeisoma barua yako nikitabasamu, mpaka nilipofika pale pa kujitia mgonjwa. Hapo nimekukasirikia. Wewe huumwi. Uliumwa, ukapona ulivyopona, na sasa unataka kurudi kitandani kwa hiari yako kwa sababu Charo amechekesha watu? Ukimdanganya Velma, Lynnette atajua, na atajifunza kwako kwamba kazi ya mikono yake ni kitu cha kufichwa.

Nisikilize. Umeniandikia mwenyewe, tena ukapita mbio, kwamba nafasi yako Randu hajampa mtu. Umejiuliza kwa nini? Mtu huyu alikubeba mgongoni, na muda wote huu anangoja mkono wako upone. Wewe daktari alikwambia, mkeo anajua, binti yako anajua. Randu ulimwambia lini? Katika barua yako sikuona. Ulimfikia na kioo mbele ya watu, na hapo ndipo alipojua kwamba yule Kalama wa zamani harudi. Mimi naona hakuikasirikia tableti. Alifikwa na msiba, na wewe ukaondoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwake peke yako, bila tableti, bila binti. Mwambie alichosema daktari, chote. Akinyamaza, nyamaza naye. Siku nyingine ndipo urudi na Lynnette, umwambie Randu aongoze na wewe utamfuata, kwani yeye ni kiongozi na kioo hakibadilishi hilo. Spika muiweke chini, nyuma ya ngoma, na sauti muipunguze isizimeze ngozi za wenzako. Hiyo ndiyo adabu. Chaji mjaze nyumbani na mbebe ya akiba, Charo akose la kusema. Na Randu akikataa hata baada ya hayo, utakwenda harusini vivyo hivyo, upige wakati wao wamepumzika, maana mwenye harusi ni Velma na amekuita kwa jina. Ila leo hii, kabla ya yote, mwambie Lynnette kwamba unajivunia. Nina hakika hujamwambia.

*

Kwa kuwa harusi ilikuwa karibu, Kalama nilimjibu kwa simu kabla ya gazeti kutoka. Haya ameniletea baada ya sherehe, na ameniruhusu niyachape:

Bi Nadira, nilikwenda. Nilimkuta Randu anakaza kamba za ngoma yake. Nikamweleza habari ya daktari. Akaniuliza, "Yaani hautapona kabisa?" Nikasema, "Hautapona." Akaushika mkono wangu akaugeuza-geuza kama anayetafuta kitu, kisha akafuta macho kwa shati lake. Tulikaa hivyo mpaka mkewe akatuletea chai. Niliposimama kuaga, akauliza, "Humo ndani mna chapuo lako lenyewe?" Nikamwambia lenyewe. Kesho yake akaja Mjambere, akasikiliza, akakunja uso. "Hamkuianika ngozi juani! Ndiyo maana sauti imelala." Akaliweka chapuo juani mpaka ngozi ikakaza, akalipiga mwenyewe, mlio baada ya mlio, Lynnette akarekodi upya.

Kwa hiyo kule Miritini, kila nilipogusa kioo ulitoka mkono wa Randu, na Randu mwenyewe kando yangu na ngoma kubwa, na Velma alicheza mpaka akavua viatu. Tulipokuwa tunafunga vyombo, Randu akaita mbele ya kundi zima, "Lynnette!"

"Abee, baba."

"Jumamosi uje kwangu na hicho kioo. Uchukue kayamba, uchukue na ngoma yangu. Mikono yetu sote inazeeka, mwanangu."

Charo alikuwa tayari anaipangusa kayamba yake vumbi.