Kwa Nini Baba Hazimi Redio

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mama mkubwa limetulia. Msalimie sana, umwambie asikuzoee mno maana huku tunakuhitaji. Sisi hatujambo, ila mimi nina habari inayoniwasha ulimi. Kaa kwanza, na tafadhali usiichane barua hata ukiona nimemtaja baba.

Nianze na sikio langu la kushoto. Tangu ulipoondoka lilikuwa linalia nziii, kutwa kucha. Pale saluni kila mteja akawa daktari. Mmoja alisema kuna mtu ananisengenya, akanitajia hadi anayemshuku. Mwingine akasema ni presha. Mimi nikazidi kulichokonoa kwa mkia wa kitana, na kichwa kikiuma nameza aspirini kama peremende. Siku mteja alipolalamika kuwa mashine ya kukaushia nywele inamuunguza, nami nimesimama pembeni yake, sikio hilo likiwa upande wake, sisikii kitu, nikajua mambo yameharibika.

Daktari wa masikio ni mama mmoja mcheshi, lakini maswali yake kama ya polisi. Nafanya kazi penye kelele? Nameza dawa gani? Sikio limewahi kutoa usaha? Nimewahi kuumia kichwa? Presha yangu je? Akasema lolote kati ya hayo laweza kulifanya sikio lilie. Kisha akachungulia, akaguna. Nta, mama! Nilikuwa naishindilia ndani kwa kitana changu mwenyewe! Akailainisha kwa matone, akaosha kwa maji ya vuguvugu, na dunia ikarudi. Nilisikia ndala zangu zikipiga sakafu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kuhusu aspirini alinikaripia ipasavyo.

Sasa hapa ndipo penyewe. Akiwa anapanga vifaa vyake, alisema wanaomsumbua zaidi ni wale ambao masikio yao yameharibiwa na kelele za kazini, kwa sababu huficha. Wengi huwasha feni au redio walale, ili wasiusikie ule mlio. Nilisimama kabla hajamaliza. Redio! Ile ile inayokoroma bila kituo hadi asubuhi, iliyokufanya ufunge mizigo ukisema mwanaume huyu ameoa redio!

Nilikwenda moja kwa moja karakanani kwake. Baba alikuwa anakunja kona za sanduku la bati, nyundo inagonga mpaka meno yananiuma. Nikamvuta nje na kumuuliza kama masikio yake yanalia. Kwanza akasema nimeanza kiherehere changu. Halafu akakaa juu ya sanduku, akakubali kwamba yanalia miaka mingi. Alidhani ni mwanzo wa wazimu, kama ule uliompata kaka yake, akaogopa kwamba ukijua utamkimbia. Na ukamkimbia kwa sababu hakusema! Nililia, mama, na wakati huohuo nilitamani kumzaba kibao.

Jana nilimpeleka kwa daktari yuleyule. Akili yake ni timamu kabisa, ni nyundo tu. Mlio huenda usiishe wote, lakini amepewa vya kuzibia masikio kazini, na ameambiwa kuwa na sauti ndogo chumbani si kosa wala aibu.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza redio aliianza lini. Akasema ni pale ulipohamishia cherehani dukani. Zamani ulikuwa unashona chumbani yeye amelala, na ule mwendo wa cherehani yako ulikuwa unaufunika mlio, analala kama mtoto. Ilipoondoka akatafuta cha kushika nafasi yake, akaishia kwenye redio. Anasema haifiki hata robo yako.

Leo asubuhi amesogeza kabati la nguo na kufagia pale karibu na dirisha, akapapima kwa kamba. Hakuniambia ni pa nini. Cherehani inaenea.

Jumamosi anakuja kukuchukua. Nimemsikia nyuma ya mlango, kwa masikio yangu yote mawili, akifanya mazoezi ya kukuomba radhi. Bado anakosea, mvumilie.

Nawabusu mikono, wewe na mama mkubwa. Mlale salama.

Mwanao,
Kiherehere