Chai Tuliyoingoja Mjini Kisii

Mpwa wangu Moraa,

Sijamwambia mtu mwingine: mimi, ninayeogopa hata kuitikia salamu, nilipaza sauti hotelini.

Hapa Marani hatujambo, ndizi zimekomaa. Umeniuliza ufanyeje wahudumu wa hoteli wakikupuuza.

Majuzi, baada ya kumaliza shule ya upili, nilimpeleka nyanya yangu hospitali mjini Kisii. Kabla ya kurudi nyumbani tuliingia hotelini, naye akiwa na njaa. Mhudumu akawa anatupita tu. Nilipotaka kumwita, Nyanya alinishika mkono.

“Mgeni haombi chakula,” alisema kwa Kikisii. “Kikiiva wataleta.”

Mwishowe mhudumu alisimama mbele yetu. “Kama mnapumzika tu, wapisheni wanaokula!”

Nyanya hajui Kiswahili. Alitabasamu, akidhani tunakaribishwa. Nikasimama, nikapaza sauti.

“Kaka, nyanya yangu ametoka hospitali. Tuletee chai na mandazi!”

“Kumbe una mdomo! Hapa asiyeitisha hapewi, dada.” Akaleta upesi, chai ikitoa mvuke.

Basi nawe itisha kwa adabu. Huenda mhudumu naye anakungoja useme.

Nyanya bado anawasifu watu wa mjini kwa kutulisha bila kuombwa. Tafadhali, asijue kamwe kwamba niliitisha.

Shangazi yako,
Kerubo